Nyumba Hii Haina Wanaume

Silom, Bangkok
20 Februari

Kwa Dada Samruai,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye joto na moshi. Hujambo wewe? Shemeji Sawaeng hajambo? Watoto wanaendeleaje, na yule mdogo ameacha kukohoa? Mimi mzima, ila koo limekauka kwa kuongea Kiingereza mchana kutwa. Siku hizi hata nikiota naota Kiingereza.

Kazi ni ileile. Asubuhi nawachukua wageni wangu hotelini, wanaume watupu, wengine wawiliwawili na wengine wapweke: Wajerumani, Waaustralia, Wasingapori. Nawapeleka Jumba la Kifalme, wanaazimwa suruali getini kwa sababu wamekuja na kaptula. Nawavusha mto hadi Hekalu la Alfajiri, wanapanda zile ngazi wameshikana mikono na hakuna anayewauliza. Mchana ni soko la wikendi. Hapo wananunua hariri, taa za karatasi, na vile vitu vya mbao vilivyochongwa kama uume, ambavyo kwetu ni hirizi na kwao ni kichekesho cha kupeleka nyumbani. Jioni nawaingiza kwa Mama Ratri. Mama Ratri ni mwanamume wa miaka hamsini mwenye baa, na ukimwita vingine anakutoa nje. Vijana wanacheza jukwaani na manyoya yao, mimi nasimama mlangoni na nywele hadi mabegani na kucha nyekundu, nikiwaambia wageni nani anapenda maongezi na nani anapenda pochi.

Dada, mwaka huu nataka kuja nyumbani kwa Songkran. Sitaki kitu. Nataka nimmwagie Baba maji mikononi kama watoto wote wanavyowamwagia wazee wao mwaka mpya, aniwekee mkono kichwani, aseme maneno yake mawili, nirudi zangu. Miaka saba nimewamwagia maji wazee wa watu. Najua alichosema siku aliponikuta nimepaka rangi ya kucha ya marehemu Mama, kwamba nyumba yake haina mtoto wa kiume mwenye kucha za namna ile. Huenda amesahau. Nisemee, tafadhali.

Mdogo wako,
Mot

*

Ban Nong Khaen
4 Machi

Mdogo wangu Mot,

Tumepata salamu zako, nasi tunakusalimu. Sisi wazima. Mtoto bado anakohoa, kuku wawili wamekufa, mvua hakuna.

Nilimsemea Baba wakati wa chakula. Nikamwambia Mot anaomba kuja Songkran. Akafinyanga tonge lake la wali wa kunata, akalichovya, akatafuna, akaniuliza, "Mot yupi?" Akaendelea kula. Kwa hiyo hilo umelisikia.

Sasa kuna jambo kubwa kuliko lako. Wanaume wawili hapa kijijini wamelala wazima na hawakuamka, mmoja ni mwalimu Chalong, uliyesoma naye. Mganga amepandisha na kusema ni pepo la mjane. Mwanamke huyo alikufa bila mume, anatembea nyumba kwa nyumba akitafuta wa kumchukua, na mganga anasema hataondoka mikono mitupu. Basi kila nyumba imetundika shati jekundu na kibao getini, "Nyumba hii haina wanaume". Na wanaume wote wanalala na magauni ya kike, wamepaka midomo na kucha, ili akichungulia aone wanawake tu. Rangi ya kucha imekwisha hadi sokoni wilayani.

Wewe uko panapouzwa. Tutumie rangi nyekundu, iliyokolea, isiyobanduka kwa maji maana wanashinda shambani. Chupa nyingi. Na magauni ya kulalia, makubwa, shemeji yako unamjua tumbo lake. Na hivyo vitu vya mbao vya wageni wako, tuvitundike mlangoni, pepo linavihofia au linavipenda, sijaelewa vizuri. Usicheke, watu wanakufa. Nitamwambia Baba nimenunua mwenyewe mjini, ili avae kwa moyo safi.

Dada yako,
Samruai

*

Silom, Bangkok
15 Machi

Kwa Dada Samruai,

Salamu kwa wote, na pole kwa kuku. Mpe mtoto asali na limau. Mwalimu Chalong nimemlilia, alikuwa mtu mzuri, ndiye pekee ambaye hakunitupia mawe.

Nimecheka, dada. Umeniambia nisicheke na nimecheka hadi nikakaa chini. Niliwasomea vijana wa baa barua yako, wanja ukawachuruzika. Halafu Mama Ratri akaniambia nirudie pale kwenye kucha, na safari ya pili hakuna aliyecheka. Yeye ni wa mkoa wa Sakon Nakhon. Alivunjwa kidole na kaka yake kwa rangi hiyohiyo.

Tulikwenda wote soko la jumla kule mtaa wa Wachina, tukachagua rangi kama wanawake wanaoandaa harusi. Mama Ratri alikataa nyekundu zote za bei rahisi. Anasema kama pepo lina macho, litajua. Magauni yako kwenye kifurushi cha pili. Lile la waridi lenye lesi kifuani ni la Baba, nimelichagua mwenyewe kwa kukumbuka mabega yake. Waambie wapake mara mbili, wakae na vidole vimetanuliwa mpaka ikauke, wasiguse wali. Wakikosea pembeni wafute kwa kijiti chenye pamba.

Ukitaka mwambie Baba imetoka kwangu, usipotaka usimwambie. Lakini muulize tena.

Mdogo wako,
Mot

*

Ban Nong Khaen
29 Machi

Mdogo wangu Mot,

Salamu. Kifurushi kimefika, hakuna chupa iliyovunjika. Umetuokoa, kijiji kizima kinasema hivyo, ingawa hawajui wanamsema nani.

Baba alikataa siku ya kwanza. Siku ya pili akafa mume wa jirani. Siku ya tatu akaninyooshea mkono bila kuniangalia, nikampaka. Sasa anapaka mwenyewe, mara mbili kama ulivyosema, halafu anakaa anapuliza vidole. Gauni limemkaa.

Nimemuuliza tena. Safari hii alikuwepo Sawaeng na alikuwepo mganga. Baba akaacha kula. Akasema, "Mwambie mwanangu wa kiume aje nyumbani." Nimekuandikia neno kwa neno. Mwanangu wa kiume.

Lakini uje kama mwanamume. Nywele zikatwe, kucha ziwe tupu, uvae shati na suruali, usiwe na rangi wala marashi mwilini. Baba ametilia mkazo hilo. Ufike siku moja kabla ya Songkran, ulale nyumbani. Tutakutandikia barazani kwenye upepo.

Dada yako,
Samruai

*

Silom, Bangkok
5 Aprili

Kwa Dada Samruai,

Hamjambo wote? Mimi sijui nisemeje. Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelainika.

Nimenyoa leo. Kinyozi aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Kucha nimezifuta kwa dawa, zimekuwa nyeupe na nyonge kama za mtu aliyetoka hospitalini. Wageni walinipita hotelini wakaendelea kunitafuta. Mama Ratri aliponiona akalia, nikamwambia, mama, usinililie, nimeitwa. Nimenunua maji ya yasmini, yale mazuri, kwa ajili ya mikono ya Baba.

Mdogo wako mwenye furaha,
Mot

*

Silom, Bangkok
20 Aprili

Dada,

Hujambo? Natumaini wote mliamka salama. Mimi, kama mlivyoona, niliamka.

Acha nikusimulie ulichokiona, kwa sababu nadhani uliangalia chini muda wote. Nilifika jioni, Baba amekwisha ingia ndani. Ukaniambia amechoka, nitamwona asubuhi. Ukanipa samaki wa kuchoma na saladi ya papai, ukanitandikia barazani juu kabisa ya ngazi, ukaniambia nisijifunike maana kuna joto. Nikalala nimekumbatia chupa yangu ya maji.

Nilipofumbua macho kulikuwa kumekucha na geti lilikuwa limejaa watu. Wanaume wote wa Nong Khaen, na magauni yao, midomo imefutika nusu, kucha zile nilizochagua mimi. Nikadhani wamekuja kunilaki. Ninaapa, dada, nilitabasamu. Niliwapungia mkono.

Wakashangaa. Bibi mmoja akasema, kumbe ameamka. Na Baba akatoka na gauni la waridi, akasimama juu yangu, akaniangalia kuanzia miguuni kama anayekagua nyati aliyeuziwa. Miaka saba. Akamwambia Shemeji Sawaeng, "Bado hai. Mrudishe leo tena alale hapohapo."

Ndipo nikashuka nikasoma kibao. Chini ya "Nyumba hii haina wanaume" mlikuwa mmeongeza kwa chaki, "Ila mmoja, yuko barazani." Hati ni ya Baba, naijua. Shemeji alikuwa mwungwana, alinieleza. Mganga alisema pepo likipewa mmoja na watu wenyewe litaondoka, basi wakatafuta mwanamume asiye na hasara kwa mtu.

Yale maji niliyamwaga kwenye ngazi zenu, nikajaza chupa tena sokoni huku. Sijui kwa nini. Niambie kitu kimoja tu. Ulijua ulipokuwa unaniandikia "neno kwa neno"?

Mot

*

Ban Nong Khaen
1 Mei

Mdogo wangu Mot,

Tunakusalimu. Mtoto amepona kikohozi, asali imesaidia.

Nilijua. Ungetaka nifanye nini? Sawaeng ana watoto watatu. Mume wa jirani amekufa akaacha mama kipofu. Ulikaa nao watu hao, unajua nani anamtegemea nani. Wewe unategemewa na nani, Mama Ratri? Mganga alisema lazima aitwe mwanamume kwa kinywa cha baba yake, la sivyo pepo halimtambui. Kwa hiyo Baba akakuita. Ulitaka kuitwa, ukaitwa.

Na hukufa. Baba anasema hiyo ni dalili, kwamba hata pepo lilikuja, likakuangalia vizuri, likapita. Kijijini wanacheka sana kwa hilo. Mimi sicheki, nakuambia tu usije ukalisikia kwa mwingine.

Mganga anasema wanaume waendelee na magauni mpaka mvua. Rangi imekaribia kwisha.

Dada yako,
Samruai

*

Silom, Bangkok
7 Mei

Dada yangu mpenzi,

Salamu kwa wote, na shukrani kwa barua yenye ukweli. Yaliyopita nimeyaacha. Naleta rangi mwenyewe, katoni nzima.

Jumapili ya wiki ijayo nitakuja na wageni wachache wanaopenda mila. Wamechoka na mahekalu na maduka, wanataka kuona maisha ya watu. Wapikie watu kumi na wawili. Wanalipa vizuri na watatoa sadaka kwa hekalu. Mwambie Baba ni wageni wa heshima kutoka Ulaya, awapokee akiwa amevaa kikamilifu, wanataka kuona jinsi kijiji kinavyojikinga.

Mdogo wako,
Mot

*

Ban Nong Khaen
19 Mei

Mot,

Mzima wewe? Lazima uwe mzima sana.

Nilipika mchana kutwa. Baba alichana nywele. Wanaume walipanga mstari kwenye njia, kucha mpya, midomo mipya, wakafurahi kwamba watu wa mbali wamesikia habari zetu. Basi lako likaja, wakashuka wale wanaume wako na kamera. Nikakuona wewe mbele, nywele zimeanza kuota, umepaka kucha tena, umeshika kibendera chako cha kuongozea.

Sikuelewa ulichokuwa unasema. Lakini mtoto wa marehemu mwalimu anasoma Kiingereza, alisimama karibu akasikia. Anasema ulisema, "Mabwana, haya ndiyo maonyesho ya zamani kuliko yote nchini. Hapa wanaigiza bila jukwaa, na mshahara wao ni kuamka asubuhi." Wakapiga makofi. Wakapiga picha. Yule mzee mwenye kofia akamshika Baba kiunoni, akamwambia yeye ni mrembo, na Baba akatabasamu kwa kuwa hakuelewa. Alikuwa anatabasamu vizuri. Miaka mingi sijamwona hivyo.

Halafu ukamtafsiria. Ulikwenda mbele yake, ukapiga magoti kama mtoto mwema, ukamwambia kwa lugha yetu, kwa sauti ya kusikika na wote, "Baba, mgeni anauliza bei yako ni ngapi."

Hata Sawaeng alicheka, Mungu amsamehe. Kijiji chote kilicheka. Baba akaingia ndani na chakula nilimpa mbwa.

Samruai

*

Silom, Bangkok
24 Mei

Dada,

Salamu. Nimefurahi kwamba Baba alitabasamu. Ipo kwenye picha. Yule mzee ni mpiga picha hodari, ameikuza, na Mama Ratri ameiweka kwenye fremu ukutani karibu na mlango. Lesi inaonekana, kucha zinaonekana. Kila mgeni nikimwingiza ananiuliza huyu bibi ni nani. Nawajibu, anaitwa Yupi.

Mwambie. Neno kwa neno.

Mot

*

Ban Nong Khaen
2 Juni

Mot,

Nilimwambia.

Alichukua kisu cha kukatia mianzi, akakaa kwenye ngazi akakwangua kucha. Rangi yako ni nzuri kweli, haibanduki, alikwangua mpaka damu ikatoka. Gauni akalirusha uani. Nikamsihi, Sawaeng akamsihi, mganga akaitwa. Baba akasema, "Mimi ni mwanamume. Kama ananitafuta, aje." Akavaa shati lake la harusi. Akachukua chaki akaenda kwenye kibao, akaandika, "Ila mmoja, yuko barazani." Akatandika pale ulipolala wewe.

Asubuhi hakuamka.

Tunamchoma tarehe tano. Mwili uko sebuleni, mkono wa kulia umeachwa nje juu ya mto ili watu waumwagie maji na kuomba radhi, kila mtu mara moja. Kucha zake ni safi. Njoo na maji yako ya yasmini, nimekuwekea bakuli. Hakuna anayekuita muuaji. Kusema kweli wanaume wote wamefuta rangi na wanalala kama kawaida, pepo limepata wake na limekwenda. Wanasema Baba, mzee Khamphong, alikuwa mwanamume wa kweli na amekiokoa kijiji.

Wahi.

Dada yako,
Samruai

*

Silom, Bangkok
10 Juni

Dada,

Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto wazima?

Barua yako uliiandika tarehe pili ukaniambia niwahi tarehe tano. Muhuri wa posta ya huko nyumbani, siku uliyoituma, ni wa tarehe sita. Nimeugeuza huku na huku kwenye mwanga. Ni sita.

Sikuulizi. Wewe ndiye uliyekuwa umeshika bakuli, na uliona nilichokifanya. Nakuambia tu kwamba ningekuja. Nilianza kufuta kucha kabla sijaona muhuri, nikafuta za mkono mmoja. Siku nzima nimewatembeza watu Hekalu la Alfajiri na mkono mmoja mweupe, wakadhani ndiyo mtindo wa mwaka huu.

Jana nilipanda kwenye kiti niishushe ile picha. Baa ilikuwa imejaa. Mgeni mmoja akaniuliza kwa nini namwondoa bibi, ndiye anayemchekesha kila akiingia. Nikamwambia si bibi. Akacheka. Nikamwambia, "Ni mwanamume. Ni baba yangu." Meza nzima ikacheka, wakadhani ndiyo kazi yangu, na kweli ndiyo niliyowazoesha. Nikasema tena, nikasema kwa sauti. Wakapiga makofi, mmoja akaninunulia kinywaji.

Mama Ratri akanivuta shati nishuke. Aliniambia taratibu kwamba picha ni ya baa sasa, wageni wataikuta kwenye vitabu vyao vya safari vya mwaka ujao. Basi nimeiacha ukutani. Nimeomba chaki tu. Nimeandika chini ya fremu, "Ila mmoja." Hawajui kusoma maandishi yetu, wanafikiri ni bei.

Maji ya yasmini yameota ukungu. Wageni wangu wako mlangoni, kumi na mmoja leo, wanaulizia kile kijiji.

Mwanawe wa kiume,
Mot